Nyumba ya Wageni na Nyota ya Krismasi: Historia ya Sikukuu ya Mji wa Bethlehem, Pennsylvania

Ifikapo mwezi wa Desemba, mtu apitaye katika miji yetu huona mabadiliko katika nyumba za wageni. Karibu na meza ya kupokelea wageni husimamishwa mti, mara nyingine tawi la mvinje lililokatwa asubuhi ile ile, mara nyingine mti wa plastiki uliotolewa katika boksi lake. Juu ya matawi huwekwa vipande vya pamba viwe mfano wa theluji, na ukutani hutundikwa nyota. Pamba yenyewe huenda imelimwa Shinyanga, na theluji ya karibu iko kileleni Kilimanjaro, mahali ambapo mwenye nyumba hajapata kufika wala hana haja ya kufika. Wako wanaoyacheka mapambo hayo wakayaita kasumba. Wako wanaoyatetea kwa kusema kwamba biashara ni biashara. Sisi hatukusudii kuuamua ugomvi huo. Tunataka kuuliza swali la mwanahistoria: mapambo ya namna hii yalianzia katika maisha ya watu gani, na ni nani aliyekaa kitako akaamua kwamba mji mzima usherehekee kwa namna moja?

Swali hilo halijibiki kwa ulimwengu mzima kwa mara moja. Kwa hiyo tumechagua mji mmoja tu, mji wa Bethlehem katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambao tangu mwaka 1937 hujiita Mji wa Krismasi. Tumeuchagua kwa sababu waanzilishi wake walikuwa watu wa kuandika. Kila siku waliweka katika shajara za jumuiya habari za kazi, safari, vifo na sherehe. Tena tumeuchagua kwa sababu si mji wa watu baki kabisa. Walioujenga walikuwa Wamoravian, watu wa kanisa lile lile ambalo mwaka 1891 liliwaleta Theodor Meyer na wenzake katika nchi ya Wanyakyusa wakajenga kituo cha Rungwe, na ambalo mwishoni mwa karne ile lilishika pia kazi ya misioni huko Urambo, Unyamwezi. Leo Tanzania ina waumini wa kanisa hilo wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hivyo tunaposoma habari za Bethlehem twasoma habari za jamaa, ingawa ni jamaa wa mbali.

Asili ya Wamoravian ni katika nchi za Bohemia na Moravia, ambazo sasa zimo katika Jamhuri ya Cheki. Mwalimu wao wa kwanza, Jan Hus, alichomwa moto mwaka 1415. Wafuasi wake waliunda jumuiya yao mwaka 1457, wakaonewa, wakatawanyika. Na mwaka 1722 baadhi ya wakimbizi wao walivuka mpaka wakaingia Saksonia, wakapewa mahali pa kukaa katika shamba la mtu mmoja mkubwa, Nikolaus von Zinzendorf. Kijiji walichokijenga waliita Herrnhut. Kutoka hapo, katika muda wa miaka michache tu, walianza kupeleka watu wao pande zote za dunia. Ni vema wanafunzi wakumbuke jinsi jambo hilo lilivyoanza. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen kwenye sherehe za kutawazwa mfalme, na huko alikutana na Mwafrika mmoja aliyeitwa Anton, mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika bahari ya Karibi. Anton alieleza hali ya ndugu zake waliofungwa katika mashamba ya miwa. Mwaka uliofuata, Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwenda St. Thomas. Basi safari zote za Wamoravian, pamoja na ile iliyofika Rungwe, zilitanguliwa na maneno ya mtumwa. Jambo hili halitajwi sana panapozungumzwa mishumaa na nyota.

David Nitschmann huyo ndiye aliyeongoza kundi lililonunua ardhi ya ekari 500 kando ya mto Lehigh mwaka 1741. Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa maana ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Walenape, nao walikuwa wamenyang’anywa miaka minne tu kabla yake. Mwaka 1737 warithi wa William Penn walitoa karatasi waliyodai kwamba iliwekwa sahihi na wazee wa Walenape nusu karne nyuma, ikisema kwamba Wazungu watapewa nchi kadiri mtu awezavyo kutembea kwa siku moja na nusu. Walenape walidhani ni mwendo wa kawaida wa mtu anayetembea, akipumzika na kula. Kumbe warithi wale walikuwa wamekwisha kuwaajiri watu wenye mbio na kuwafyekea njia msituni. Mmoja wao alikwenda kilometa zaidi ya 100. Msomaji wa nchi yetu hahitaji kuelezwa mengi, kwani amekwisha kusoma jinsi Carl Peters alivyopita Usagara na Uzigua mwaka 1884 akikusanya alama za watu juu ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Wamoravian hawakuifanya hila ile ya mwaka 1737. Lakini walijenga juu ya matunda yake.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1741 walikuwa na nyumba moja tu ya magogo, na katika nyumba hiyo watu walilala upande mmoja na wanyama upande wa pili. Zinzendorf mwenyewe alikuwa amefika kuwatembelea. Baada ya ibada yao ya usiku aliwaongoza wakaingia upande wa mifugo, wakaimba wimbo unaoutaja mji wa Bethlehemu. Na kutokana na wimbo huo kijiji kikapewa jina lake. Habari hii imeandikwa na watu waliokuwapo, wala si hadithi iliyobuniwa baadaye kuvutia wageni. Tazama, lakini, yaliyoipata nyumba ile. Mwaka 1823 ilibomolewa kupisha majengo ya hoteli iliyoitwa Eagle. Hoteli ile nayo ikaondolewa, na mwaka 1922 mahali pake pakajengwa Hotel Bethlehem, ambayo ingali imesimama. Mahali ambapo wakimbizi walilala na ng’ombe pamekuwa mahali pa kulala wageni wenye fedha, na kila mwaka panapambwa kuliko nyumba yoyote nyingine mjini.

Kijiji cha kwanza kilikuwa na utaratibu ambao wasomaji waliokua katika miaka ya Azimio la Arusha watautambua upesi. Kila mtu alifanya kazi kwa ajili ya jumuiya. Hakulipwa mshahara, bali alipewa chakula, mavazi na malazi. Watu walikaa kwa makundi: wanaume wasio na wake katika nyumba yao, wanawake wasio na waume katika yao, wajane katika yao, na watoto wakilelewa pamoja. Kiwanda cha ngozi, kinu, uhunzi, ufinyanzi na mashamba vilikuwa mali ya wote. Kwa utaratibu huo watu wachache walijenga katika miaka 20 majengo ya mawe ambayo wageni waliyastaajabia. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1762. Sababu zilikuwa nyingi, mojawapo ikiwa madeni ya kanisa huko Ulaya, na nyingine ikiwa hamu ya watu wenye ndoa kukaa na watoto wao. Hatuusemi ulishindwa, tunasema uliishi miaka 20 na kuacha mji.

Ndani ya mji wa namna hiyo mgeni hawezi kulala popote. Jumuiya ilitaka kufanya biashara na majirani, nayo iliogopa tabia zao. Kwa sababu hiyo walihitaji nyumba ya wageni. Ya kwanza, iliyoitwa Crown, ilijengwa mwaka 1745 ng’ambo ya mto, mbali na nyumba za makundi. Ya pili, Sun Inn, ilianzwa mwaka 1758 ikafunguliwa mwaka 1760 karibu zaidi na mji. Msimamizi wake alichaguliwa na jumuiya, na faida ilikwenda kwa jumuiya. Mgeni alilala hapo, akala vizuri, na alipotaka kuuona mji alipewa mtu wa kumtembeza. Nyumba ile ilikuwa kama baraza katika nyumba zetu za pwani: mgeni amekaribishwa kwa heshima zote, lakini hakuingizwa ndani. Sifa zake zilienea. John Adams, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani, alilala hapo mwaka 1777 akamwandikia mkewe kuisifu kuwa nyumba bora ya wageni aliyopata kuiona. George Washington alilala hapo pia. Katika mwaka ule ule wa 1777, vita vya uhuru vilipokuwa vikali, jumba la wanaume wasio na wake liligeuzwa hospitali ya majeruhi, na watu wa jumuiya, ambao wengi wao walikataa kushika silaha, walijikuta wakizika maiti za askari.

Sasa tuyatazame mapambo yenyewe. Habari zilizo wazi za karne ya 18 zinahusu hasa nyumba za watoto. Siku ya Krismasi ya mwaka 1747, watoto wa Bethlehem walitengenezewa piramidi ndogo za mbao zilizofunikwa matawi ya miti isiyopukutisha majani, zikawekwa mishumaa, matufaha, na karatasi zilizoandikwa beti za nyimbo. Wenyeji wa mji hupenda kusema kwamba huo ulikuwa mti wa kwanza wa Krismasi katika Marekani. Mwalimu mwangalifu atasema tu kwamba hiyo ni mojawapo ya habari za kwanza zilizoandikwa, na kwamba zilikuwa piramidi za mbao, wala haukuwa mti uliokatwa mzima. Mwaka ule ule, huko Marienborn katika Ujerumani, Askofu Johannes von Watteville aliwapa watoto kila mmoja mshumaa uliowashwa wenye utepe mwekundu, usiku wa kuamkia Krismasi. Desturi hiyo ilienea katika jumuiya zote. Mishumaa ilikuwa ya nta ya nyuki, na shina lake lilizungushiwa karatasi nyekundu iliyokatwa-katwa kwa makasi, ambayo pamoja na kuwa pambo ilizuia nta ya moto isidondoke juu ya vidole vya mtoto. Twaona hapa jambo ambalo mafundi wetu wa ukili na wa uchongaji wanalijua vema, kwamba pambo zuri mara nyingi lina kazi ya kufanya.

Lilikuwapo pambo jingine liitwalo putz, neno lililotoka katika kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kupamba. Watu wa nyumba walikwenda msituni wakakusanya majani mororo ya kijani yameayo juu ya mawe yenye unyevu, wakaleta visiki na mawe, wakajenga juu ya meza au sakafuni mfano wa nchi yenye vilima na zizi, na ndani yake wakaweka sanamu ndogo za mbao za wachungaji, wanyama na mtoto Yesu. Kisha majirani walikwenda nyumba hata nyumba kuzitazama putz za wenzao. Hapakuwa na kiingilio, wala hakuna aliyepanga ratiba. Uhodari wa kutengeneza ulirithiwa katika ukoo pamoja na sanamu zenyewe.

Lililo mashuhuri kuliko yote ni nyota, nayo haikutoka kanisani wala katika nyumba ya wageni. Ilitoka darasani. Katika miaka ya 1830, katika shule ya wavulana ya Wamoravian huko Niesky, Ujerumani, wanafunzi walitengeneza nyota za karatasi kama zoezi la jometri. Umbo la msingi wa nyota ya kawaida lina nyuso 26, yaani miraba 18 na pembetatu 8. Mraba mmoja huachwa kwa ajili ya taa na uzi wa kutundikia. Juu ya nyuso 25 zilizobaki husimamishwa ncha za karatasi, 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Walimu wa hisabati wanaweza kuijaribu kwa karatasi nzito, rula na gundi. Kazi huchukua vipindi kadhaa, na darasa hujifunza habari za nyuso na pembe kuliko linavyojifunza ubaoni. Sisi tumeijaribu mara moja na ncha zetu hazikukaa sawa, lakini hilo lilikuwa kosa la gundi.

Waliokaa katika shule za bweni za jumuiya wakati ule walikuwamo watoto wengi wa wamisionari. Wazazi wao walikuwa Greenland, Labrador, Suriname, visiwa vya Karibi na Afrika Kusini. Mtoto alipofikia umri wa kusoma alipelekwa Ulaya kwa merikebu, na mara nyingi yeye na wazazi wake hawakuonana tena kwa miaka mingi. Wako ambao hawakuonana kabisa. Watoto hao ndio waliozoea kutundika nyota chumbani mwao kabla ya Krismasi. Baadaye waliingia katika hesabu hiyo watoto wa wamisionari wa nchi yetu pia. Huko Herrnhut, Pieter Verbeek alianza kuziuza nyota katika duka lake la vitabu mnamo mwaka 1880, na mwanawe akazifanya kuwa kazi ya kiwanda. Zingali zikitengenezwa huko kwa mikono. Kwa hiyo kitu kilichokuwa somo, kisha kikawa kitulizo cha watoto walio mbali na mama zao, kimekuwa bidhaa. Na hatudhani kwamba hali moja kati ya hizo tatu inazifuta nyingine mbili.

Mji wenyewe haukuwa na amani kila Krismasi. Mnamo Novemba 1755, wakati wa vita kati ya Waingereza na Wafaransa, kijiji cha misioni cha Gnadenhütten kilishambuliwa na Wahindi waliokuwa upande wa Wafaransa, miongoni mwao Walenape wenye uchungu wa ardhi yao, na watu 11 wakauawa. Wakimbizi walijaa Bethlehem, wengine wakiwa Walenape Wakristo waliokuwa hatarini kwa pande zote mbili. Ipo simulizi kwamba alfajiri ya Krismasi ya mwaka huo wapigaji tarumbeta wa jumuiya walipanda juu wakapiga nyimbo, na maadui waliokuwa wamejificha mlimani, waliposikia sauti ile ya ajabu, waliondoka bila kushambulia. Simulizi hiyo hupendwa sana na waongozaji wa watalii. Kwamba tarumbeta zilipigwa hatuna sababu ya kukataa, kwa kuwa lilikuwa jambo la kawaida. Lakini mawazo ya waliokuwa mlimani yameelezwa na waliokuwa bondeni. Wazee wetu husema mengi ya namna hiyo kuhusu vita vyao, na mwanafunzi anayejifunza kuyapima maneno ya Bethlehem atajifunza pia kuyapima ya kwao.

Tena walikuwapo Waafrika. Mmoja wao tunamjua kwa jina la nyumbani kwake: Ofodobendo Wooma, Mwigbo aliyezaliwa katika nchi ambayo sasa ni Nigeria, akauzwa utotoni, akavushwa bahari, akapita katika mikono ya mabwana kadhaa huko New York, na hatimaye akapelekwa Bethlehem, ambako alibatizwa akaitwa Andrew. Wamoravian walikuwa na desturi kwamba kila mtu aandike au asimulie habari za maisha yake, na yake imehifadhiwa. Alimwoa mwanamke Mwafrika aliyeitwa Magdalene. Alikula meza moja na ndugu zake Wazungu, akalala nyumba moja nao, akaimba nao usiku wa Krismasi. Wakati huo huo kanisa liliendelea kumiliki watumwa kwa sheria, huko Karibi na hata Bethlehem penyewe. Watu walioweza kugawana mkate sawasawa na mtumwa walishindwa kuona kwamba karatasi ya kummiliki ilikuwa bado kabatini. Andrew alikufa mwaka 1779. Kaburi lake limo katika makaburi ya mji, ambamo mawe yote yamelazwa chini bapa, makubwa na madogo kadiri moja, Mzungu kando ya Mwafrika kando ya Mlenape, kwa maana jumuiya ilikataa tofauti baina ya wafu.

Hadi mwaka 1844 hakuna mtu asiye Mmoravian aliyeruhusiwa kuwa na nyumba mjini. Mlango huo ulipofunguliwa, mambo yalikwenda mbio. Reli ilifika, na upande wa kusini wa mto kukajengwa viwanda vya chuma ambavyo baadaye vilikuwa kampuni ya Bethlehem Steel. Wakaja Wahungari, Waslovaki, Wapolandi, Waitalia, baadaye Wameksiko na watu wa Puerto Rico. Walikaa kusini, karibu na moshi. Mwaka 1917 upande wa kusini na upande wa kaskazini uliunganishwa kuwa mji mmoja kwa sheria, ingawa daraja huunganisha kingo za mto kabla halijaunganisha watu. Chuma cha kiwanda hicho kilijenga daraja la Golden Gate huko San Francisco, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zaidi ya watu 30,000 walifanya kazi katika kiwanda cha Bethlehem peke yake.

Sasa tumefika kwenye mwaka 1937, mwaka ambao sikukuu ya mji ilipangwa. Mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa bado haujaisha, maduka yalikuwa na wateja wachache. Wazo la kuufanya mji wa Bethlehem uwe Mji wa Krismasi lilitoka kwa Marion Brown Grace, mke wa Eugene Grace, mkuu wa Bethlehem Steel. Chama cha wafanya biashara wa mji kikalichukua. Taa za umeme zilitundikwa barabarani pande zote mbili za mto, nyota kubwa ikasimamishwa juu ya mlima ulio kusini, na tarehe 7 Desemba 1937 Bibi Grace mwenyewe akaziwasha katika sherehe iliyofanyika Hotel Bethlehem, pale pale palipokuwa na nyumba ya magogo. Desturi iliyokuwa ya jumuiya moja ya dini ikawa mali ya mji wote, pamoja na Wakatoliki, Waothodoksi, Wayahudi na watu wasio na dini.

Mwanafunzi wa historia ataweka habari hiyo katika ukurasa mmoja na nyingine ya mwaka huo huo. Katika kiangazi cha mwaka 1937 wafanya kazi wa makampuni kadhaa ya chuma yaliyokataa kuwatambua wana vyama vyao waligoma. Bethlehem Steel ilikuwa mojawapo ya makampuni hayo, na kiwanda chake cha Johnstown kiligomewa. Mjini Chicago, tarehe 30 Mei, polisi waliwapiga risasi wafanya kazi wa kampuni nyingine waliokuwa wakiandamana, wakafa watu 10. Mgomo ulishindwa. Katika mji wa Bethlehem penyewe mgomo ulikuja Machi 1941. Hatudai kwamba taa za Desemba ziliwashwa ili kuficha mambo ya kiangazi; hatuna ushahidi wa nia hiyo, na mama anayependa Krismasi si lazima awe na hila. Tunasema tu kwamba mji uliokuwa na ugomvi mkubwa kati ya mlimani na bondeni ulipewa nyota moja ya kutazamwa na wote, na aliyeitoa alikaa mlimani.

Hapa ndipo tunapoona tofauti na sikukuu nyingine tunazozijua. Maulidi ya Lamu yalikua kutoka kwa Habib Saleh na wanafunzi wake wa Riyadha, na watu wakaanza kusafiri kuyahudhuria kabla hajatokea mtu wa kuwahesabu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi huendeshwa na watu wa Makunduchi wenyewe kwa ajili ya mwaka wao, na mgeni hupata nafasi kwa sababu ni desturi mgeni apokewe. Ya Bethlehem ilichukua mambo ya nyumbani, mshumaa, putz na nyota, ikayatoa nje yaonekane kutoka barabarani. Iliamuliwa na kamati. Na bado watu waliipenda. Nyumba nyingi zikaweka mshumaa mmoja katika kila dirisha, kwanza wa nta, kisha wa umeme. Kuanzia miaka ya 1930 ilijengwa pia putz ya mji mzima, ambayo maelfu wamepita kuitazama. Ikawa desturi kwamba kaskazini, kwenye majengo ya kale, taa ziwe nyeupe, na kusini, kwenye mitaa ya wafanya kazi, ziwe za rangi. Kwa maoni yetu zile za rangi ndizo zenye furaha zaidi, ingawa picha za kadi hupigwa kaskazini.

Mwaka 1995 kiwanda cha Bethlehem kiliacha kutengeneza chuma. Mwaka 2001 kampuni ilifilisika, na mwaka 2003 ikavunjwa, na wastaafu wake wengi wakapoteza bima ya matibabu waliyoahidiwa. Mji uliokuwa ukiuza chuma ulibaki na historia yake na taa zake. Jambo lililopangwa mwaka 1937 kuwa nyongeza ya biashara likawa sehemu kubwa ya biashara yenyewe. Sun Inn, iliyokuwa imeharibika na kuzungukwa na maduka, ilikuwa imekwisha kuokolewa na chama cha wenyeji kilichoundwa mwaka 1971. Soko la Krismasi kwa mtindo wa Kijerumani lilianzishwa katika miaka ya 1990, nalo siku hizi hufanyika chini ya matanuri ya kuyeyushia chuma, ambayo yameachwa yasimame baridi, yakimulikwa usiku kwa taa za rangi. Mwaka 2024 UNESCO iliyaandika majengo ya kale ya Bethlehem, pamoja na ya Herrnhut, Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwa imetangulia mwaka 2015, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni anayefika leo mwezi wa Desemba hukuta mapambo katika hoteli yanashuka ngazi zote hadi mlangoni. Akipanda barabara kuu hupita Sun Inn, na asipotaka kufika mbali anaweza kugeuka kwenda kwenye makaburi, ambayo hayako mbali na kanisa kuu. Huko hapawekwi taa. Mawe yamelala katika nyasi kwa safu, na la Andrew ni mojawapo. Lakini theluji ikiwa imeanguka, hulazimu kuipangusa kwa mkono ili kusoma jina.